Mwangalie Anayeleta Chai

Shija mwanangu,

Umeenda kusukwa, na kwa wingi wa rasta ulizobeba sikutegemei kabla ya saa kumi na mbili. Nimepata mchana mzima peke yangu, kitu ambacho sijakipata tangu walipozaliwa Kulwa na Doto. Baba yako yuko Lingeka kwenye pamba. Amesema anarudi jioni kukuaga, na wewe unajua jioni ya baba yako huanza saa ngapi. Kwa hiyo nimekaa mezani na daftari lililobakiza nusu ya kurasa, nakuandikia.

Usitafute humu habari za kufua, kula na wavulana. Hayo shangazi zako waliyamaliza Jumapili, wengine mara mbili. Begi umelipanga mwenyewe, na umelipanga vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka siku tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa mdomo nimeshindwa. Nikikaa mbele yako nitaanza kujitafsiri, na nikijitafsiri huwa natoka mzuri kuliko nilivyo.

Nianze na muvi, kwa kuwa ndiko tulikoanzia.

Ulikuwa kidato cha pili. Ulipitia kwa yule kijana wa stendi anayewawekea watu muvi kwenye flashi, ukarudi na sizoni nzima, macho yanang'aa.

"Mama, hii ni ya wakili. Kesi anapeleleza mwenyewe."

"Mawakili ninaowajua mimi hawapelelezi hata kalamu zao zilipo."

"Wewe angalia tu."

Nikaangalia. Stelingi ni mwanamke. Jina lake la kizungu DJ anayetafsiri alilijaribu mara moja, likamshinda, akaamua kumwita Dada Wakili, na sisi tukamfuata. Wote aliwatafsiri kwa sauti moja: wakili, hakimu, muuaji, hata marehemu kabla hajawa marehemu. Wakinyamaza wenyewe, yeye hanyamazi. "Hapa Dada Wakili anawaza, mpenzi mtazamaji, anawaza sana." Wewe ukacheka mpaka ukadondosha kiazi. Mimi sikucheka, nilikuwa nasoma. Darasa la saba nililimaliza bila kitabu cha kwenda nacho nyumbani. Sheria nimefundishwa na DJ.

Tukawa na ratiba yetu. Vyombo vikishaoshwa, sehemu moja. Siku ya Jumamosi, mbili. Baba yako alilalamika kwamba mpira wake unapita bila yeye. "Wewe kutwa uko mahakamani, ukirudi ni mahakama tena?" Nikamwambia hii ni nyingine, hii ina majibu. Naye akavuta kiti, akidai anasubiri tu iishe, na sehemu ya tatu ndiye aliyekuwa anatuuliza nani kaua.

Nilimpenda yule mwanamke, Shija, ingawa nilimsema sana. Alikuwa anaingia porini kutafuta ushahidi na viatu virefu. Nikasema aje huku mbugani kwetu mwezi wa tatu, kiatu kimoja kitabaki kwenye tope kiwe ushahidi chenyewe. Ukanijibu, "Mama, yeye hakanyagi, anapita." Lakini lililonikera zaidi ni sakafu. Mahakama yao inang'aa kama sahani, na hujaona mtu akiipiga deki. Hakimu ana kikombe mbele yake, na hujaona kilikotoka. Kazi yangu mahakamani ni hiyo, kudeki na kuleta chai, nilijua kikombe hakiji chenyewe. Nikawa namtafuta mwenzangu kila sehemu. Nikakuahidi soda siku tukimwona.

Sehemu ya kumi na moja akatokea. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, sinia mkononi, sekunde mbili. Tulipiga kelele mpaka jirani akauliza nani kafunga goli. Ukanywa soda yako. Sehemu ya mwisho ikafika, na muuaji akawa nani? Yeye. Mwenye sinia.

Nilichukia wiki nzima. Wewe ndiyo ukapata neno la kunitania. Kila muvi tuliyoangalia baada ya hapo, kabla hata ya majina kuisha, unaninong'oneza: "Mwangalie anayeleta chai, mama."

Ungeniangalia mimi, mwanangu.

Unajua nilivyopata kazi ya kutafsiri. Hakimu wetu wakati ule alikuwa mtu wa Tanga, na karani alitoka Songea. Wote wawili watu wazuri, na wote wawili Kisukuma walichojua ni kuitikia salamu, tena kwa makosa. Akija mzee kutoka kijijini asiye na Kiswahili, hakimu anaita: "Mama Kulwa, weka ndoo chini, njoo." Naweka ndoo, nafuta mikono kwenye kanga, nasimama katikati. Siku hizo nilitembea tofauti. Mtu ambaye dakika tano zilizopita aliambiwa choo cha mahakimu hakina sabuni, sasa ndiye anasema, na mahakama nzima inaandika.

Nikaanza kukipenda Kiswahili cha yule hakimu. Chetu ni cha kufanyia kazi, cha mtu aliyekikuta ukubwani. Chake kilikuwa kimepigwa pasi. Nikawa nikisikia neno jipya naliandika kwenye kijidaftari nilichoficha kabatini, nyuma ya majani ya chai. Siku moja karani alimuuliza kikao ni lini, akajibu, "Mtondo." Nikamuuliza baada ya kumwekea sukari. Akanieleza, tena kwa upole: kwao wanahesabu leo, kesho, kesho kutwa, halafu mtondo, na baada ya mtondo ni mtondogoo. Nikaandika. Nikarudi kudeki nikiwa naimba siku hizo tano kama mtoto wa chekechea.

Sasa wewe umeshaona linakoelekea. Mimi sikuona.

Ikaja kesi ya Masunga, yule kijana mchunga ng'ombe wa kule bondeni. Ng'ombe wa jirani yake alipotea Jumanne mchana, na mtu akasema alimwona Masunga akiswaga. Masunga akasema Jumanne hakuwa machungani kabisa, alikuwa kwa Bibi Nkwimba akimzibia ua wa minyaa uliokuwa umevunjwa na mbuzi. Shahidi wake akawa huyo huyo bibi, ambaye wewe umemjua maisha yako yote kama muuza karanga wa stendi.

Bibi alisimama vizuri. Meno ya mbele hana, Kiswahili hana, lakini wasiwasi pia hakuwa nao. Akaeleza kwa Kisukuma kwamba Masunga alifika kwake Jumatatu jioni akamwambia, "Bibi, ntondo nitakuja kuziba ua." Na kama alivyosema ndivyo alivyokuja.

Ntondo. Wewe, mimi, Masunga, hata mbuzi aliyevunja ule ua, tunajua ntondo ni kesho. Nimelisema neno hilo tangu nilipoanza kusema. Lakini pale mbele, na kalamu ya hakimu imenyanyuka inanisubiri mimi, lile neno lilinijia limevaa nguo za Tanga. Nikajiona msomi. Nikasema kwa sauti, "Alimwambia atakuja mtondo, mheshimiwa."

Kalamu ikashuka. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Hakimu akaandika kwamba shahidi wa utetezi mwenyewe anamweka mshtakiwa kwenye ule ua siku ya Alhamisi. Akamtazama Masunga kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Masunga hakuelewa. Bibi hakuelewa. Wasukuma waliojaa kwenye mabenchi walisikia bibi akisema ntondo nami nikisema mtondo, wakaona nimetafsiri sawasawa. Kesi ikaahirishwa, Masunga akarudishwa mahabusu, nami nikarudi kwenye ndoo yangu nikiwa nimeridhika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: nimeridhika.

Jioni ile nilikusimulia kesi, kama kawaida yetu. Nikakuambia kijana amekwisha, bibi yake kamharibia. Ukaweka muvi. Na hapa, Shija, ndipo huwa nawaza kwamba kuna siku Mungu anatumia DJ. Ilikuwa ile sehemu ambayo Dada Wakili anaambiwa na polisi kwamba shahidi alisema hivi na hivi, naye anapiga meza: "Sitaki maana yake. Nataka neno lenyewe!"

Ukasimamisha muvi. Ukanigeukia.

"Mama, Bibi Nkwimba alisema neno gani lenyewe?"

"Alisema ntondo."

"Na wewe ukasema?"

"Mtondo."

"Ndiyo nini?"

Nikaanza kukuhesabia kwa vidole, leo, kesho, kesho kutwa. Nilipofika kidole cha nne nikaacha mkono hewani. Hukucheka. Ningefurahi ungecheka. Ulisema tu, "Mama, ntondo ni kesho," taratibu, kama unamwambia mtu kwamba amevaa blauzi nje ndani.

Halafu ukasema, "Kesho asubuhi utamwambia hakimu, eh?"

Nikasema nitamwambia.

Kuanzia hapa ndipo unapojua hadithi moja na mimi najua nyingine. Ya kwako uliisimulia Jumapili mbele ya watu wote waliokuja kukuaga. Ulisimama na gauni lako la bluu, ukashika maiki ya kukodi inayokwaruza, ukasema, "Watu wananiuliza ujasiri nimeutoa wapi. Mama yangu alikosea neno mahakamani, na kesho yake asubuhi alikwenda kwa hakimu akasema, nimekosea mimi. Ni mhudumu, angeweza kufukuzwa. Alisema." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akapangusa miwani. Mimi nikainamisha kichwa, na yule mama mkwe wa Kulwa akamwambia jirani yake, "Unaona alivyo mnyenyekevu?"

Haikuwa unyenyekevu. Nilikuwa natafuta pa kuweka macho.

Sikwenda kesho yake. Nilipiga deki. Siku iliyofuata nilipeleka chai, nikasimama mlangoni, hakimu akaniuliza kama kuna kitu, nikasema sukari imekaribia kuisha. Jioni ukaniuliza, "Umemwambia?" Nikakujibu ndiyo. "Ndiyo" hiyo ndio uongo wa kwanza. Zikapita siku tisa, Shija. Siku tisa Masunga amelala chini mahabusu, na mke wake anachuma pamba peke yake na mtoto mgongoni. Nilimpita njiani mara mbili. Mara ya pili alinisalimia kwa heshima na kunishukuru kwa kuwasaidia kusema mahakamani.

Siku ya kumi nikaenda, maana hukumu ilikuwa imekaribia na usingizi ulikuwa umenitoka. Mpaka hapo ungenisamehe, najua. Lakini sikiliza nilichosema. Niliweka kikombe, nikasema: "Mheshimiwa, yule bibi wa karanga alitamka vibaya. Hana meno ya mbele. Nimekuja kugundua alikuwa anamaanisha kesho."

Akaacha kuandika. "Kwa hiyo shahidi alikosea?"

"Alikosea, mheshimiwa."

Sentensi hiyo sikuiandaa. Ilitoka yenyewe, laini, katika Kiswahili kizuri.

Bibi akaitwa tena. Hakimu akamwambia kwa upole, kupitia kwangu, kwamba safari hii asichanganye siku, aseme polepole. Nikamtafsiria. Bibi akanitazama. Hakumtazama hakimu, alinitazama mimi, muda wa kutosha mtu kumenya karanga mbili. Kisha akasema lile lile, kwa sauti ile ile: "Ntondo."

"Kesho, mheshimiwa," nikasema.

Watu walisikia neno moja mara mbili, wakaona siku zimebadilika. Kosa ni la nani? La ajuza asiyejua Kiswahili, ama la mwanamke aliyesimama karibu na hakimu? Hakuna aliyejiuliza. Hakimu akatabasamu, "Bibi, mtondo na kesho ni siku mbili tofauti," na mabenchi yakacheka kwa kuwa mheshimiwa ametabasamu. Masunga akaachiwa. Mke wake alilia kwa furaha pale nje, akanikumbatia na ndoo yangu.

Na vijana wa bodaboda waliokuwa dirishani wakaondoka na neno jipya. Ukifika stendi wakati ule: "Bibi Mtondo, nipe za mia mbili! Bibi Mtondo, leo ni lini?" Likashika. Wakalisema wauza maji, wakalisema makondakta, wakalisema watoto wa shule. Watu wakaacha kumuuliza ushuhuda wa jambo lolote, hata mgogoro wa mpaka wa shamba ambao yeye ndiye aliyeona jiwe likiwekwa. "Muulizeni mwingine, huyu siku zinamchanganya."

Hata wewe. Umempigia goti kila siku, umemnunulia karanga, umembebea kiroba mvua ikinyesha, na umemwita Bibi Mtondo kwa mapenzi kabisa, ukidhani ni utani tu wa kosa langu. Kila nilipokusikia nilitaka kukukataza, na kukukataza kungehitaji sababu. Miaka sita sikupata sababu nzuri ya kukupa isipokuwa ile ya kweli.

Leo asubuhi nilikwenda kwake. Siku hizi miguu imekataa, hafiki tena stendi. Wajukuu ndio wanauza. Nilimkuta uani, amenyoosha miguu, anachagua karanga kwenye ungo. Minyaa ya Masunga imekuwa mirefu kunipita.

Nikapiga goti. Tukasalimiana. Akaendelea kuchagua.

"Haya, ng'wanone," akasema, akiniita mwanawe, "leo umekuja kunitafsiria nini?"

Shija, nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, na yote yalikuwa ya Kiswahili. Pale yakaisha. Nikamwambia kwa Kisukuma, wazi, kama mtoto: neno ulisema sawa mara zote mbili, mimi nililiharibu kwa kujiona, halafu nikasema umeliharibu wewe. Nikataja na habari ya meno.

Akatupa karanga mbovu, moja, nyingine.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile mjukuu wangu alinieleza nje kwa nini wanacheka. Nikasema, yule mama atakuja. Ana watoto, atakuja. Nimekungoja. Mwaka juzi niliumwa, wakaniita padri, nikamwambia arudi, kuna mtu sijamalizana naye."

"Nisamehe, bibi."

"Meno sina, ni kweli. Hapo hukudanganya." Akacheka kidogo peke yake. "Lakini jina langu ninalo. Mwanao ana adabu, nampenda. Anapiga goti mpaka chini kabisa, halafu ananiita Mtondo. Anaondoka lini?"

"Kesho."

"Sema kwa lugha yako."

Nikasema, "Ntondo."

"Tena."

"Ntondo, bibi."

"Umeona? Si neno gumu." Akanipa ungo, nikamsaidia kuchagua mpaka zikaisha. Shukrani yetu, wabeja, sikumwambia, lakini nadhani aliiona.

Sasa unajua. Nimeisoma tena karatasi nzima nikitafuta mahali nilipojipendelea, nimekuta pawili, nimefuta. Utaona wino.

Nilitaka nikuandikie shukrani tu, na shukrani ndiyo nyingi zaidi, ila nimeona ikija bila hayo ya juu itakuwa chai ya rangi. Basi nikushukuru. Nakushukuru kwa ile flashi. Nakushukuru kwa jioni zote ulizokaa na mama yako kwenye mkeka mmoja wakati wenzako walikuwa na simu zao, ukinieleza sehemu za kizungu ambazo DJ aliamua kuziruka. Nakushukuru kwa kusimamisha muvi siku ile. Kuna mtu anatembea mjini hapa na watoto watatu kwa sababu msichana wa kidato cha pili aliuliza neno lenyewe. Mimi nilikuwa njia tu, tena njia mbovu.

Na nakushukuru kwa kuniamini vibaya. Hili ni gumu kulieleza. Kwa miaka sita umeishi na mama ambaye hakuwepo, yule aliyekwenda kesho yake asubuhi. Ulimsifia kwa walimu wako, ukamsifia kwa rafiki zako, nami nikawa namsikia kila siku humu ndani. Ilinibidi nimkaribie. Mwaka jana faili lilipotea, karani mpya akaanza kumlaumu mlinzi, nikajikuta nimesimama: "Faili nililisogeza mimi wakati nafagia." Nilisema siku hiyo hiyo. Nilikuwa namuiga yule mama yako. Ulichonga mtu kwa jina langu, nami kidogo kidogo nimeanza kumfikia begani.

Kila mtu alijua ungesomea sheria. Mimi mwenyewe nilishamwambia mke wa mchungaji. Ukaja na fomu ya maabara. Nikakuuliza, na Dada Wakili? Ukanijibu, "Mama, wakili anauliza tu. Maabara ndiyo inajibu." Nilinuna siku mbili, halafu nikafurahi, na sasa nafurahi zaidi. Ila damu za watu nazo zinahitaji kusomwa, na anayesoma huwa kasimama katikati kama nilivyosimama mimi. Ipo siku utakosea. Utabandika jina la huyu kwenye chupa ya yule. Siku hiyo, mwanangu, usiseme chupa haina meno. Hilo tu. Mengine nakuachia, maana sina cheti cha kuyafundisha.

Tena unakwenda Tanga, huko huko. Utawasikia wazee wakisema mtondo, na watakuwa sahihi, ni siku yao. Usiwarekebishe. Ila ukinipigia simu useme unakuja, niambie tarehe.

Kijidaftari changu cha maneno nimekiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Kina doa la chai. Nimeongeza neno moja ukurasa wa mwisho kwa mkono wangu, na maana yake.

Barua hii naiweka juu ya deki ya muvi, chini ya flashi. Nimemtuma yule kijana wa stendi akuwekee sizoni mpya, najua utaenda kuichukua flashi kabla ya kulala, kwa hiyo utaisoma leo. Nimefanya hivyo kusudi. Ukitaka kuniuliza kitu, niulize. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Nitakupakulia chakula tu. Na ukitaka kulia, baba yako tutamwambia ni vitunguu.

Lakini lazima uisome kabla ya alfajiri, na sababu ni hii. Wakati naondoka kwa bibi, nilikuwa nimeshafika kwenye minyaa, akaniita. Akasema miguu imekataa, lakini mjukuu wake ana baiskeli. Akasema anataka kumpa mtoto karanga za njiani, kwa mkono wake mwenyewe. Nikamuuliza, utakuja lini, bibi? Akanijibu kwa neno moja.

Safari hii nimelitafsiri sawasawa. Kesho, saa kumi na moja na nusu, mbele ya basi lako, atakuwepo. Makondakta watamwita wanavyomwita. Wewe piga goti kama kawaida yako, na umwamkie kwa sauti ambayo stendi nzima itasikia:

Bibi Nkwimba.

Mama yako,
aliyeleta chai.